Siku Waliyompiga Mama Mkwe Wangu

Moyo wangu ulinipiga ngumi ya kwanza nikiwa nimeshika randa. Nasema ngumi kwa sababu sina neno jingine. Nilikuwa kwenye karakana yangu pale Mtendeni, Tabora mjini, nalainisha mbao ya mninga ya kitanda cha bwana harusi mmoja msumbufu, mara kifua kikabanwa katikati, maumivu yakashuka mkono wa kushoto na kupanda mpaka kwenye meno. Meno, ndiyo. Nikaweka randa chini, nikamtukana yule bwana harusi ingawa hakuwepo, nikakaa juu ya rundo la maranda. Jasho lilinitoka mpaka shati likanata mgongoni. Fundi mwenzangu akasema, "Vidonda vya tumbo hivyo, kunywa maziwa." Nikanywa maziwa, nikarudi kwenye randa. Ndivyo tulivyo sisi mafundi, mtu anakufa huku anamalizia mguu wa kitanda.

Mimi sikufa, ila kipande cha moyo wangu kilikufa. Hilo aliniambia daktari baadaye sana, nilipokwisha kuanza kuhema kwa kupanda ngazi ya kibarazani tu. Alisema mishipa inayoulisha moyo wenyewe imeziba, na siku ile ya randa sehemu ya moyo ilikosa damu ikafa palepale. Iliyobaki inasukuma peke yake, na imechoka. Nikamuuliza kama kuna dawa ya kukifufua kile kipande. Akasema hakuna, ila kuna dawa za kuusaidia uliobaki: ya kuzuia damu isigande, za kuupunguzia moyo mzigo, na ya kukojoa ili maji yasijae mwilini. Niache chumvi. Niache sigara. Niache kubeba mbao. Niache na hasira.

"Daktari," nikamwambia, "hayo mengine sawa."

Maana mimi ni mtu wa hasira, tuelewane mapema. Niliwahi kuchukua shoka nikapasua meza niliyoitengeneza kwa mikono yangu, mbele ya mteja, kwa sababu alisema mguu mmoja ni mfupi. Haukuwa mfupi. Sakafu yake ndiyo ilikuwa mbovu. Mke wangu amezoea, nikianza kufoka yeye anaendelea kuchambua mchele.

Ugonjwa huu haukuanguka wote kwa siku moja, ulininyang'anya kidogo kidogo. Leo msumeno, kesho nyundo, keshokutwa baiskeli. Sisi Wanyamwezi tunajisifia kwamba babu zetu walibeba pembe za ndovu mabegani kwa mguu, kutoka hapa Tabora mpaka pwani na kurudi, na mimi mjukuu wao nikafika mahali siwezi kwenda chooni bila kusimama njiani kushika ukuta. Ilinitia uchungu kweli. Karakana nikamwachia mwenzangu, tukahamia shambani, kijiji kimoja pembeni ya barabara ya Nzega, kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe enzi nikiwa mzima. Mke wangu alilima, na siku za gulio aliuza karanga na viazi.

Mchana nilivumilia. Adui yangu alikuwa kulala. Nikilaza mgongo tu, maji yanapanda kifuani. Nitasinzia, halafu nitashtuka kama mtu aliyekabwa koo na mikono miwili, nakurupuka, nakaa, napiga ukuta kwa kiganja, natafuta hewa na hewa haipo. Mke wangu ananishikilia mabega. Povu linanitoka mdomoni, nakohoa, nampiga hata yeye bila kujua. Asubuhi ananionyesha mkono ulivyovilia damu, halafu anakwenda shambani akiwa hajalala. Daktari alikwisha kunieleza: moyo ukishindwa kusukuma, maji yanarudi nyuma kwenye mapafu, na ukilala yanaenea. Kwa hiyo mimi nilijua ni nini. Ila kujua hakukusaidii chochote wakati unazama kitandani kwako.

Mke wangu alipoanza kusinzia jembe likiwa mkononi, akamwita mama yake.

Mama mkwe wangu alikuja kwa basi kutoka Usinge, kule karibu na msitu, na kuku mmoja na kifurushi cha nguo. Mwembamba, mjane, macho mekundu kwa maisha marefu ya moshi wa kuni. Alikuja kunipikia na kunifulia, na tangu afike sikuwahi kumwona sawasawa. Huo ndio ukwe wa kwetu. Mkwe wa kiume na mama wa mkewe hawaketi pamoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na kugusana ndiyo usiseme. Mkikutana njiani, mmoja anaingia porini. Vijana wa mjini wanacheka, siku hizi wanakumbatiana na wakwe zao kwenye harusi na kupigwa picha. Kwetu sisi ile ndiyo heshima yenyewe. Alilala kwenye kibanda cha jiko nyuma ya nyumba. Chakula alikiacha mlangoni, anakohoa kidogo, anaondoka, ndipo mke wangu anakichukua.

"Shikamoo mama," nasema nikiwa ndani.

"Marahaba baba. Umeamkaje?"

"Sijambo."

Uongo mtupu, lakini mkwe humwambii umeamka vibaya.

Usiku wa kwanza alioisikia ile vurugu yangu, alitoka jikoni mbio akafika mpaka kwenye mlango wa chumba, akakumbuka, akasimama. Angeingiaje chumba anacholala mkwewe na binti yake? Akazunguka nje akaja kukaa chini ya dirisha langu, mgongo ukutani. Nikiwa nahangaika humo ndani nikasikia sauti yake ya chini: "Niko hapa, baba. Vuta polepole. Polepole." Tangu hapo ikawa kila usiku. Mimi nakabwa, yeye anatoka na kanga yake anakaa chini ya dirisha, baridi ya mwezi wa sita inampiga, mpaka atakaposikia nimetulia. Hatukuwahi kulizungumza hilo mchana. Nilimpenda yule mama, wallahi, na sikuwa na namna ya kumwambia.

Sasa, jirani yangu analima tumbaku. Anayelima tumbaku ana bani la kukaushia majani, na bani halilali: moto lazima uchochewe usiku kucha, ukizidi majani yanaungua, ukipungua yanaoza. Kwa hiyo jirani alikuwa macho. Akitoka kuleta gogo, anatazama ng'ambo ya ua wangu, anaona kikongwe mgeni, asiyejulikana ukoo wake pale kijijini, amechuchumaa gizani chini ya dirisha la mgonjwa, anasemasema peke yake. Na ndani, mgonjwa anakoroma kama anayechinjwa.

Mimi ningekuwa yeye ningefikiri nini? Nimejiuliza. Lakini tulia, hiyo haimpi haki.

Asubuhi moja akaja kunijulia hali. Mke wangu ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kunichua miguu kwa mafuta ya nazi. Miguu yenyewe ilikuwa imevimba mpaka ngozi inang'aa, na kila mahali kidole cha mke wangu kilipokandamiza palibaki shimo. Ndivyo ulivyo uvimbe wa maji, ukibonyeza hauinuki upesi. Jirani akainama. Akatazama yale mashimo manne na la dole gumba upande wa pili. 

"Fundi," akasema, "hivi vidole vya nani?"

"Vya mke wangu."

"Fundi, usiku ukikabwa, unamwona nani?"

Nilimwelewa papo hapo. Damu ikanipanda. "Nakuona wewe na tumbaku yako! Toka! Toka nyumbani kwangu kabla sijakupasua!" Nikatafuta cha kumrushia, nikapata kikombe, nikarusha, kikaishia mlangoni kwa sababu mkono hauna nguvu. Akaenda zake akitikisa kichwa. Nilikaa robo ya asubuhi nahema. Nikamwambia mke wangu tumrudishe mama Usinge. Akasema, "Nani atakupikia? Wewe maneno ya yule unayasikiliza?" Tukaacha.

Siku yenyewe ilikuwa ya gulio, mke wangu hayupo. Jua la saa nane. Nilitoka kwenda kukaa nje, maana ndani palinibana, na katikati ya ua dunia ikazunguka. Nikaanguka kifudifudi. Nilikuwa nasikia kila kitu na kuona kila kitu, upande mmoja wa uso ukiwa kwenye mchanga, ila pumzi ya kusema sina.

Mama mkwe alitoka jikoni na mwiko mkononi. Akaniona. Akaja mbio, akafika hatua chache kutoka nilipolala, akasimama ghafla kama aliyegonga ukuta. Mikono yake ikanyooka kunielekea, ikarudi. Akazunguka upande wa pili, ikanyooka tena, ikarudi. Alikuwa analia. Hakuweza kunigusa. Miaka yake yote alifundishwa kwamba mkwe haguswi, na hapo hapakuwa na mtu wa kumwambia leo gusa. Basi akafanya kile alichoweza. Akajifunika kanga usoni, akatupa kichwa nyuma, akapiga mwano, ule ukelele wetu wa hatari unaomtoa kila mwanamume popote alipo.

Alikuwa ananiitia msaada. Nataka hilo lieleweke. Waliompiga aliwaita yeye mwenyewe.

Wakaja. Filimbi ya sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, ikalia ng'ambo ya barabara, ikaitikiwa upande wa mabanini, na miguu ikaanza kutikisa ardhi chini ya sikio langu. Wanaume na fimbo zao, wengine na mapanga waliyokuwa wakikatia kuni. Jirani alikuwa mbele. Wakanikuta mimi nimelala mchangani, mama amesimama hatua chache kando, amejifunika uso, hajanigusa.

"Mbona hukumwinua?" kamanda wa sungusungu akamuuliza. Ni mtu mzima mwenye mwili, mkulima wa pamba. "Mtu anakufa, wewe umemsimamia tu?"

"Ni mkwe wangu," akajibu.

"Mkwe!" Jirani akapaza sauti. "Muulizeni usiku huwa anafanya nini dirishani kwake! Namwona kila siku kwa macho yangu! Mguu wa fundi una vidole vyake, nendeni mkatazame! Anamkaba huyu, anamkaba!"

Kulikuwa na kimya kifupi. Kama kuna kitu kinanirudia mpaka leo ni kile kimya, kwa sababu ndani yake niliwaona wakifikiri, watu ninaowajua, watu niliowatengenezea milango, na niliona wamekwisha kuamua.

Fimbo ya kwanza ilimpata begani. Haikutoa sauti kubwa. Ya pili aliinua mkono kujikinga, na hiyo ilitoa sauti, mfupa wa mkono ulilia kama kijiti cha kuwashia moto. Akapiga kelele, "Mama yangu!" akaanguka magoti. Wakamzunguka. Nikawa naona miguu tu, malapa na mabuti na visigino vyenye nyufa, na kati ya miguu hiyo kanga yake inavutwa, inachanika. Mtu akampiga teke la mbavu. Mwingine akasema, "Lete petroli," na mwingine, "Msimwue hapa, mtoeni barabarani." Damu ilimtoka kichwani ikaingia machoni. Hakuwa anasema mimi si mchawi. Alikuwa anasema, "Mwinueni kwanza! Mwinueni baba kwanza!"

Wallahi nilikuwa na hasira maisha yangu yote na sikujua hasira ni nini mpaka pale. Na nilikuwa sina pumzi. Nilifungua mdomo kutukana ikatoka mate. Basi nikatambaa. Kiwiko, goti, kiwiko. Kifua kilikuwa kinapasuka, naona giza na vimulimuli, kila nikisogea moyo unapiga hovyo, unaruka, unasimama, unaruka. Nikajiambia ukisimama na usimame, lakini unifikishe pale kwanza. Nikawapita katikati ya miguu. Nikamfikia. Nikamlalia.

Nililala juu ya mama mkwe wangu. Nimeandika, na hata sasa mkono unasita. Kichwa changu kilikuwa shingoni kwake, damu yake usoni mwangu. Aliponisikia alijikunja, akataka kujivuta atoke chini yangu, anapigwa kufa na bado anaona haya. "Baba, hapana," akasema, "hapana." Nikambana kwa uzito wangu wote. Fimbo mbili zilikwisha kuinuliwa, zikatua kwangu, moja mgongoni, moja kisogoni.

"Acha! Mnampiga fundi! Acheni!" kamanda akafoka, filimbi ikalia. Wakasimama.

Nikageuka, nikakaa, mama yuko nyuma yangu. Nilikuwa na pumzi ya neno moja moja, kwa hiyo nilichagua maneno. Nikamwonyesha kamanda kidole.

"Wewe. Njoo."

Akaja. Nikapandisha kikoi mpaka gotini, nikautoa mguu mbele yao wote, mguu mnene, unaong'aa. Nikamshika mkono wake wa kulia, nikachukua dole gumba lake, nikaliweka kwenye mfupa wa muundi.

"Bonyeza."

"Fundi..."

"Bonyeza!"

Akabonyeza. Nikausukuma mkono wake, zidi. Alipotoa dole, shimo likabaki. Kubwa, la dole lake nene la mkulima. Wakasogea kutazama. Halikuinuka.

"Haya," nikasema. "Wewe. Umeniroga." Nikavuta pumzi. "Mpigeni. Na yeye."

Hakuna aliyesogea. Kamanda alikuwa anatazama dole lake, kisha mguu, kisha dole. Akamwita mtu mwingine, akamwambia bonyeza na wewe. Shimo. Akamwita jirani. Jirani akakataa kunigusa, akarudi nyuma, akasema yeye alisema tu alichokiona. Kamanda akamshika mkono kwa nguvu akambonyezesha. Shimo la tatu, la jirani, kando ya yale mengine. Mtu mmoja nyuma akacheka, kicheko kibaya cha woga. Wengine wakaanza kuondoka mmoja mmoja, fimbo zikiwa zimeshushwa. Hakuna aliyesema pole. Hao hao waliokuwa wanatafuta petroli ndio waliotafuta pikipiki ya matairi matatu ya kubebea mizigo, wakatupakia sisi wote wawili nyuma juu ya magunia, wakatupeleka hospitali mjini. Njia nzima alijibana kwenye kona yake, ameshika mkono uliovunjika, amenigeuzia mgongo kwa heshima.

Hospitali walinitoboa, wakanitia sindano ya kutoa maji, nikakojoa mpaka nikashangaa mwili wa binadamu unaweka wapi maji yote yale. Siku zilizofuata nikaanza kuona vifundo vya miguu yangu tena. Yeye walimfunga plasta, wakamshona kichwani, wakamlaza wodi ya wanawake.

Daktari akaja na swali. Dawa natumia? Natumia, mke wangu alijibu, hakosi hata siku moja. Chumvi? Hagusi, tangu uliposema. Daktari hakuridhika. Maji haya yamejaa haraka mno, akasema, tangu lini hasa? Mke wangu akafikiri. Tangu kama mama alipokuja. Anakula nini? Ugali na mlenda, mke wangu akasema. Mama anajua anavyoupenda, anampikia mchana na usiku.

"Huo mlenda unautia magadi?"

Nikamtazama daktari. Mlenda bila magadi unapikwaje? Kwetu magadi ndiyo yanayoulainisha ukavutika, na mama alitoka nayo Usinge, ameyafunga kwenye karatasi ndani ya kile kifurushi cha nguo. "Kwa sababu chumvi umekatazwa," mke wangu akasema taratibu, na nilimwona anaelewa huku anasema, "mama alikuwa anazidisha magadi kidogo. Chakula kisiwe chapwa."

"Magadi na chumvi kwa moyo huu ni kitu kimoja," daktari akasema. "Yote yanavuta maji. Ndiyo yaliyozidi kumjaza na kumkaba usiku." Akaenda kitanda cha pili.

Mke wangu alikuwa ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili.

"Asijue," akasema.

"Asijue."

"Unamjua mama. Akijua hatanyamaza. Atalia mbele ya kijiji kizima, atasimama gulioni aseme ni mimi niliyekuwa namuua mkwe wangu. Na wale watasikia nini? Watasikia alimtilia kitu kwenye chakula." Akajifuta uso. "Safari hii hutakuwa na mguu wa kuwaonyesha."

Jioni jirani akaja kunitazama, eti. Ameleta machungwa. Akakaa mwishoni mwa benchi, hanitazami.

"Daktari amesema ni nini?"

"Moyo."

"Moyo tu?"

"Kwani ulitaka na nini?" Sauti ilikuwa imerudi, namshukuru Mungu, wodi nzima iligeuka. "Moyo tu! Mishipa imeziba! Unataka nikupasue kifua uone na wewe unao?" Akaondoka, machungwa akayaacha. Niliyala. Sikuona sababu ya kuyatupa.

Kesho yake mama mkwe akaja kwenye kitanda changu. Sikumtarajia. Alikuja akijikokota, bandeji kichwani, uso umevimba jicho moja halionekani, na mkono kwenye plasta. Mke wangu akainuka kumpa kiti. Akakataa. Akakaa sakafuni, ubavuni mwa kitanda, na kwa mara ya kwanza akaniinulia uso. Nikamwona. Alikuwa anafanana na mke wangu kabisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba." Kisha akasema, "Nina neno. Usinifiche kwa sababu ya ukwe. Ukwe ulikwisha siku ile."

"Sema mama."

"Wale watu wamesema nakukaba. Nimelala wodini nafikiri. Labda mtu huwa hajijui. Labda nikilala kuna kitu kinatoka ndani yangu, kinakuja kwako, mimi sina habari. Kabla sijaja ulikuwa unaumwa, lakini nilipokuja ndiyo ukavimba. Nimehesabu, ni kweli." Lile jicho lake moja halikubanduka usoni kwangu. "Walipokuwa wananipiga nilikuwa nasema moyoni, kama ni mimi, basi wapige tu. Niambie baba. Ni mimi?"

Mke wangu aligeukia dirishani.

Mimi maisha yangu yote kilicho kifuani kiko mdomoni. Ndiyo maana nimekosana na nusu ya Tabora. Nikatafuta ile hasira yangu inisaidie, sikuipata, ilikuwa imekwenda na maji.

"Si wewe, mama."

"Apa."

"Wallahi si wewe. Ni moyo. Ulikufa kipande zamani, kabla hujaja kwangu."

Akavuta pumzi ndefu, akaitoa. Mabega yake yakashuka, akafunga lile jicho, na kwa kitambo alionekana amesinzia pale sakafuni. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayerudi kazini, "Basi mkono ukipona nitakupikia mlenda mzito upate nguvu."

"Mama, mlenda hapana. Nimeukinai."

Akafumbua jicho. "Umeukinai? Si ulikuwa unamaliza bakuli?"

"Nilikuwa naona haya. Mkwe atamwambiaje mama chakula chako sikitaki?"

Akanitazama sana. Nikafikiri amejua. Halafu akatikisa kichwa, akaweka mkono wake mzima juu ya mguu wangu, wazi, mbele ya wodi nzima.

"Ungeniambia tu, baba," akasema. "Ningeuacha siku ile ile."

Nikalia. Nililia kwa sauti mbele ya mama mkwe wangu, mtu mzima na mvi zangu, na yeye akadhani ni maumivu, akaanza kumwita nesi.